Viza ya Kutembea Ng'ambo na Karatasi za Mfanyakazi



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya likizo ya mwaka, tukaeleza ya kwamba likizo si zawadi ya meneja bali ni haki iliyoandikwa. Baada ya somo lile matawi kadhaa yalituletea swali moja: mfanyakazi akitaka kuitumia likizo yake kwenda kutembea ng'ambo, kumwona mwanawe au kuona dunia tu, afanyeje ili apate viza? Swali hili tuliliweka kando kwa muda, maana tulidhani linawahusu wakubwa wa maofisini. Tulikosea. Watoto wa wafanyakazi wako Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi, wengine wanasoma, wengine wanauguza wagonjwa katika hospitali za huko. Wako wanachama wanaolipa ada ya viza kwa jasho lao na kurudi nyumbani na karatasi ya kukataliwa wasiyoielewa.

Tutachukua mfano mmoja tu, yaani viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, kwa sababu sheria yake imeandikwa wazi na ni moja kwa nchi nyingi. Anayekwenda Uingereza au Marekani atakuta fomu nyingine na ada nyingine, lakini swali analoulizwa ni lile lile: je, mtu huyu atarudi kwao?

FUNDI WETU NA BAHASHA YAKE

Tuanze na jambo lililotokea. Mwenzetu mmoja, fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja hapa Uganda, amefanya kazi mahali pamoja kwa miaka kumi na mmoja. Binti yake anaishi Ubelgiji, na alikuwa anafunga ndoa huko. Fundi akaomba likizo, akakubaliwa kwa mdomo. Akaenda kwa karani wa ofisi, akaandikiwa barua ya mistari miwili iliyosema kwamba huyu ni mfanyakazi wetu, tafadhali asaidiwe. Hapakuwa na tarehe za likizo, wala mshahara, wala cheo chake. Hata jina la aliyetia sahihi halikusomeka. Mkataba wake wa mwisho ulikuwa umekwisha miaka miwili nyuma na hakuna aliyeandika mwingine. Yeye aliendelea tu kuingia kazini kila asubuhi. Mshahara alilipwa taslimu, ndani ya bahasha.

Tena aliambiwa na watu wa mtaani ya kwamba ubalozi unataka kuona pesa benki. Basi akakopa shilingi milioni sita, nusu kwa shemeji yake na nusu kwenye SACCO, akaziweka benki siku ya Jumatatu. Alhamisi akapeleka maombi.

Alikataliwa. Katika fomu aliyorudishiwa vijisanduku viwili vilikuwa vimetiwa alama: kimoja kilisema kwamba lengo na masharti ya safari hayakuthibitishwa, cha pili kilisema kwamba kuna shaka ya haki kama ataondoka kabla viza haijaisha. Fundi alikasirika sana. Alikuja ofisini kwetu akasema, "Mimi nina mke, nina nyumba, nina kahawa shambani. Nikae Ulaya nifanye nini?" Alikuwa anasema kweli. Lakini kweli yake yote aliiacha nyumbani. Ndani ya bahasha iliyofika kwa konsula haikuwamo.

SCHENGEN NI NINI

Schengen ni kijiji kidogo cha Luxemburg kando ya mto Moselle, karibu na mahali inapokutana mipaka ya Luxemburg, Ufaransa na Ujerumani. Tarehe 14 Juni 1985 wajumbe wa nchi tano, yaani Ubelgiji, Uholanzi, Luxemburg, Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi ya wakati ule, walitia sahihi mapatano ndani ya meli iliyokuwa imefungwa hapo mtoni. Walipatana kuondoa hatua kwa hatua ukaguzi wa watu katika mipaka yao. Kazi yenyewe ilianza mwaka 1995. Leo nchi hizo ni 29, na zilizoingia mwisho ni Bulgaria na Romania: kwa ndege na kwa meli tangu Machi 2024, kwa barabara tangu Januari 2025. Uingereza haimo. Ayalandi pia haimo, ingawa ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya.

Kwa msafiri maana yake ni hii: viza moja kwa kawaida hufungua milango yote 29. Lakini nyumba ambayo vyumba vyake vya ndani havina makomeo, mlango wake wa nje hufungwa sana. Kwetu sisi mlango huo wa nje ni meza ya konsula. Makonsula wote hufuata kanuni moja, Kanuni ya Viza ya mwaka 2009, ambayo ilifanyiwa marekebisho mwaka 2019 na marekebisho hayo yakaanza kutumika Februari 2020. Kwa hiyo anayekuambia kwamba ubalozi fulani "ni mlaini" anasimulia habari za bahati yake. Sheria ni ile ile.

Viza hii hairuhusu kukaa zaidi ya siku 90 katika siku 180. Hesabu hii huwapotosha wengi. Haianzi upya Januari wala Julai. Kila siku unayokuwa huko, hesabu siku 180 kurudi nyuma, uone umekaa siku ngapi ndani yake. Aliyekaa siku 60 mwanzoni mwa mwaka amebakiza 30 tu, mpaka zile siku za kwanza zitoke nje ya hesabu. Na zaidi ya hayo, tazama karatasi ya viza iliyobandikwa katika pasipoti yako. Ikiwa imeandikwa siku 20, basi ni siku 20, hata kama tarehe ya mwisho iliyoandikwa iko mbele zaidi.

WAPI, LINI NA KWA BEI GANI

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo ndiyo shabaha ya safari, au utakayokaa siku nyingi kuliko nyingine. Zikilingana, ni kwa nchi utakayoingia kwanza. Si kila nchi hupokea maombi Kampala. Nyingine huwahudumia watu wa Uganda kutoka Nairobi. Hilo angalau halina taabu ya viza, kwa kuwa tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda huvuka mipaka hii kwa kitambulisho cha taifa.

Huwezi kupeleka maombi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala kwa kawaida usichelewe hata zikabaki chini ya siku 15. Konsula hupewa siku 15 za kuamua, lakini jambo likihitaji uchunguzi anaweza kuongeza mpaka siku 45. Ukijumlisha na siku za kungojea miadi, ambazo nyakati za msimu wa joto huko Ulaya huwa nyingi, utaona kwa nini tunashauri kuanza miezi mitatu kabla.

Ada ni yuro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 80. Mtoto wa miaka 6 hadi chini ya 12 hulipiwa yuro 45, na mdogo zaidi hapo halipi. Kwa bei za mwaka 2025 yuro 90 zilikuwa karibu shilingi laki tatu na elfu themanini za Uganda. Kwa kibarua wa shamba la chai hizo si pesa za mchezo, na haziregeshwi ukikataliwa. Pale ubalozi unapotumia kampuni ya kupokea karatasi, kampuni hutoza pia malipo ya huduma, ambayo kwa kawaida hayatakiwi kuzidi nusu ya ada ya viza.

Kampuni hiyo hupokea, huhesabu karatasi na kuchukua alama za vidole. Haina mamlaka ya kuamua. Anayeamua ni konsula. Kwa hiyo mtu akikunong'oneza mlangoni ya kwamba ana ndugu yake ndani na kwa laki tano mambo yatakwisha, mwache aendelee kunong'ona na wengine. Vidole vyako ni lazima uvipeleke mwenyewe. Hakuna wakala awezaye kukupelekea. Vikisha chukuliwa, vinaweza kutumika tena kwa maombi mengine kabla miezi 59 haijapita.

KARATASI ZA KILA MSAFIRI

Hizi tutazipitia upesi, kwa maana orodha hutolewa na ubalozi wenyewe na ni rahisi kuifuata. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa halali miezi mitatu baada ya siku unayokusudia kuondoka Ulaya. Fomu ijazwe yote na kutiwa sahihi. Picha iwe ya karibuni. Bima ya safari iwe ya yuro 30,000 au zaidi, ifae katika nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari, ilipe matibabu ya ghafla, kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa, na hata kurudishwa maiti. Tunajua neno hilo la mwisho huwachukiza wazee wetu, lakini liko katika sheria.

Tikiti, weka nafasi tu, usilipe mpaka viza itoke, isipokuwa ubalozi wako umesema vingine. Kwa malazi, onyesha hoteli uliyoagiza au barua ya mwenyeji wako. Ubelgiji na Ujerumani wana hati rasmi ya ahadi, ambayo mwenyeji huitia sahihi katika ofisi ya serikali ya mahali anapoishi, akikubali kubeba gharama za mgeni wake. Mwambie mwanao aisome vizuri kabla ya kutia sahihi: ukiugua huko au ukirudishwa kwa nguvu, serikali inaweza kumdai yeye.

KARATASI ZA MFANYAKAZI

Sasa tumefika penyewe. Konsula hakujui. Hajaona shamba lako wala hajakuona ukiingia zamu ya usiku. Ana dakika chache na faili lako, na sheria inamtaka atazame kama kuna hatari ya wewe kubaki huko. Mtu tajiri humjibu kwa majengo na hisa. Mfanyakazi hana hayo. Jibu lake ni kazi yake: kwamba ana kazi ya kudumu, kwamba ameruhusiwa likizo kwa tarehe zinazojulikana, na kwamba kazi hiyo inamngojea. Jibu hili ni zuri, pengine zuri kuliko la tajiri, lakini halifai kitu likiwa la mdomo.

Tazameni basi jinsi mambo yanavyofungamana. Karatasi anazozitaka konsula ni zile zile ambazo chama kimekuwa kikizidai kwa waajiri miaka yote. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Inampa mfanyakazi haki ya kupata slipu kila alipwapo mshahara, ikionyesha amepata nini na amekatwa nini, tena kwa lugha anayoweza kuielewa. Inampa siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Kwa mfuko wa NSSF mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huongeza asilimia 10. Na tangu marekebisho ya mwaka 2022 hata mwajiri mwenye mtu mmoja tu anawajibika kuchangia. Haya yote yangefuatwa, mfanyakazi wa Uganda angekuwa na faili la viza tayari sandukuni mwake kabla hajafikiria safari.

Fundi wetu hakuwa na hata moja ya hizo. Hakukosa kwa uvivu wake. Mwajiri hakumpa, na yeye hakudai, na sisi wa tawi, tukubali, hatukumwuliza.

Barua ya mwajiri ndiyo nguzo. Itaje jina lako kama lilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, kazi unayofanya, tarehe uliyoanza, mshahara wa mwezi, likizo inaanza siku gani na kwisha siku gani, kwamba ni likizo yenye malipo, na siku unayotazamiwa kurudi kazini. Chini yake liwepo jina la aliyetia sahihi, cheo chake, simu inayopokelewa, na muhuri. Simu inayopokelewa, tumesema, kwa sababu konsula anaweza kupiga, na mlinzi wa getini akijibu kwamba hamjui mtu huyo, kazi imeharibika. Karani wa ofisi akisema hana nafasi ya kuandika, mwakilishi wa tawi aiandike na kumpelekea meneja atie sahihi tu. Tumeshafanya hivyo mara nyingi na hakuna aliyekataa.

Kwa upande wa pesa, taarifa ya benki ya miezi mitatu, au sita mahali inapotakiwa, husomwa kama daktari asomavyo joto la mgonjwa. Hatazami siku moja, anatazama mwendo. Mshahara wa shilingi laki saba unaoingia kila mwisho wa mwezi, ukatoka kidogo kidogo, ukabakiza akiba, ni habari inayosadikika. Milioni sita zilizotua Jumatatu katika akaunti iliyokuwa na elfu arobaini ni habari ya mkopo, na konsula ameiona mara elfu. Kama umeuza kahawa au ng'ombe na pesa zimeingia kwa mkupuo, ambatisha risiti ya chama cha ushirika au ya mnunuzi. Kama gharama zitabebwa na mwanao, usijitie utajiri. Leta hati yake ya ahadi na slipu zake za mshahara, na zako zioneshe tu maisha yako yalivyo.

Kisha ongeza kinachokufunga nyumbani: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, risiti za ada ya shule, hati ya kiwanja, barua ya mwenyekiti wa LC1. Kila moja ni kidogo, lakini zikiwa pamoja husaidiana.

Wako wenzetu watakaouliza: na kibarua je? Hatutawadanganya. Njia ya kibarua ni ngumu zaidi, kwa kuwa hana cha kuonyesha kwamba kazi inamngojea. Lakini kanuni za ajira za mwaka 2011 zinasema mtu asifanywe kibarua zaidi ya miezi minne. Akiendelea, anastahili mkataba wa maandishi na haitwi kibarua tena. Katika mashamba tunayoyajua wako watu walio "vibarua" tangu watoto wao hawajaanza shule. Hilo ni la kupelekwa kwenye meza ya majadiliano, viza au pasipo viza.

UONGO UNA KUMBUKUMBU NDEFU

Kuna vijana mjini wanaotengeneza slipu, mihuri na taarifa za benki kwa siku moja. Tunasikia hata wanachama wetu wamewaendea, si kwa nia ya kutoroka bali kwa kuwa mwajiri amewanyima zile za kweli. Jihadharini. Kila ombi la viza ya Schengen huingizwa katika daftari moja la kielektroniki linalosomwa na makonsula wa nchi zote 29, na huweza kukaa humo mpaka miaka mitano. Aliyekataliwa kwa karatasi ya bandia na konsula wa nchi moja, atakutana na jambo hilo hilo kwa konsula wa nchi nyingine. Upungufu wa karatasi hurekebishwa kwa kuileta. Jina la mwongo halirekebishwi hivyo.

Ukiitwa kuhojiwa, sema kweli na kwa ufupi. Ukiulizwa mwanao anafanya kazi gani na hujui vizuri, sema hujui vizuri. Mzazi asiyejua cheo cha mwanawe ni jambo la kawaida. Mzazi aliyekariri anwani nzima kwa Kifaransa, lakini hajui jina la mkwewe, hutia mashaka.

UKIKATALIWA

Kwanza soma fomu. Kukataliwa lazima kuwe kwa fomu rasmi yenye sababu, na kama iko katika lugha usiyoijua, ilete tawini. Una haki ya kukata rufani dhidi ya nchi iliyokukatalia, kwa sheria ya nchi hiyo; mahali na muda vimeandikwa mlemle. Taratibu hutofautiana. Ujerumani, kwa mfano, zamani iliruhusu kumwandikia konsula barua ya pingamizi bila malipo, lakini njia hiyo ilifungwa tarehe 1 Julai 2025, na sasa imebaki mahakama ya Berlin, ambayo kwa mfanyakazi wa kawaida ni mbali na ni ghali. Kwa maoni yetu, kama kosa lilikuwa upungufu wa karatasi, ni afadhali kupeleka ombi jipya lililotimia. Hakuna kipindi kilichowekwa cha kungojea. Ila ukipeleka faili lile lile la kwanza, utapata jibu lile lile, na yuro 90 nyingine zitakwenda.

Fundi wetu alifanya hivyo. Tawi lilipoichukua habari yake kwa meneja, ilionekana kwamba katika karakana ile ile watu kumi na wawili walikuwa wanafanya kazi kwa mikataba iliyokufa, na michango ya NSSF ya miezi tisa ilikuwa haijapelekwa. Majadiliano yalichukua wiki saba. Mikataba ikaandikwa, mishahara ikaanza kupitia benki, michango ikaanza kulipwa pamoja na malimbikizo. Fundi akangoja mpaka akawa na miezi mitatu ya taarifa safi, akapeleka maombi mapya pamoja na hati ya ahadi ya binti yake, na safari hii hakukopa hata senti. Akapewa viza ya siku 20.

Harusi ilikuwa imekwisha zamani. Alikwenda akamwona binti na mkwewe, akakaa siku 18, akarudi. Jumatatu iliyoandikwa katika barua ya mwajiri alikuwa kwenye mashine yake. Tulimshauri atunze vipande vya tikiti na nakala ya viza, kwa sababu aliyewahi kwenda na kurudi kwa wakati ana neno la kusema mara ya pili. Kanuni yenyewe inakubali kumpa viza ya mwaka mzima mtu aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili.

Neno dogo juu ya kufika. Viza haimfungi askari wa mpakani. Naye anaweza kuuliza tena unakwenda wapi na una nini. Kwa hiyo nakala za karatasi zako uzibebe mkononi, usizitie katika mzigo uliopakiwa chini ya ndege. Na tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuandikisha wageni kwa picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri, na mashine ndiyo inayohesabu siku. Mashine haisahau siku moja iliyozidi.

KUTEMBEA SI KUFANYA KAZI

Tungeweza kuishia hapo, lakini jambo moja linatusumbua. Wako wanaopita vijijini na mashambani wakiwaambia wasichana wetu: "Kazi iko Dubai, twende kwa viza ya kutembea, utabadilishiwa huko huko." Viza za kutembea za Umoja wa Falme za Kiarabu huwa za siku 30 au 60, na hazimruhusu mtu kufanya kazi. Sheria ya huko ya mwaka 2024 imeweka faini ya dirhamu 100,000 hadi milioni moja kwa mwajiri anayemfanyisha kazi mtu asiye na kibali. Faini hiyo inamhusu mwajiri, ndiyo, lakini msichana aliyefika kwa njia hiyo hana mkataba unaotambulika, na siku za viza zikiisha anaanza kudaiwa dirhamu 50 kila siku anayokaa. Mwenye nyumba anaujua woga huo na hupanga mshahara kwa kuutumia. Akidhulumiwa, anaogopa kwenda polisi kwa kuwa yeye mwenyewe amekosa.

Anayekwenda kufanya kazi aende kama mfanyakazi: kwa wakala mwenye leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, kwa mkataba aliousoma kabla ya kupanda ndege, na viza ya kazi. Kabla ya kutoa hata shilingi, njooni tawini tutazame pamoja kama wakala huyo yumo katika orodha ya wizara. Anayekuambia udanganye konsula kwamba unakwenda kutalii, ujue anakuandaa usiwe na wa kumlalamikia.

Tukiyasema haya hatufichi kwamba mambo si sawa. Mtalii wa Ulaya akitaka kuja kuona sokwe wa Bwindi hujaza fomu ya viza kwa intaneti, hulipa dola 50, haachi alama za vidole kwa wakala wala haulizwi slipu za mshahara. Hata hiyo likizo anayokuja nayo haikushuka mbinguni. Kwa Wafaransa, kwa mfano, ni sheria ya Juni 1936, baada ya migomo mikubwa ya viwandani, iliyowapa wafanyakazi wote wiki mbili za mapumziko yenye malipo, na kiangazi kile wako waliokwenda kuiona bahari kwa mara ya kwanza. Hatuoni aibu kutaka fundi wa Uganda naye aione.

KAZI YA VIKUNDI

Mtakapokutana katika vikundi vya masomo, kila mmoja alete karatasi zake za kazi zote alizo nazo, hata kama hana mpango wa kusafiri. Zitandazeni mezani. Ni nani aliye na mkataba ambao haujaisha? Ni nani aliye na slipu za miezi mitatu iliyopita? Michango yenu ya NSSF, mara ya mwisho kuiangalia ilikuwa lini? Kisha andikeni pamoja barua moja ya mwajiri kama tulivyoeleza, kwa jina la mmoja wenu, mkamtume mwakilishi kwa ofisa wa wafanyakazi kuuliza kama yuko tayari kutia sahihi barua ya namna hiyo kwa kila anayestahili. Majina ya wasio na mikataba yaandikwe katika karatasi ya pili na kuletwa kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi.